Bujumbura: Ngoma Iliyoingia Ndani ya Santuri

Msafiri atokaye Kigoma kwa njia ya Manyovu huvuka mpaka Mugina, akateremka hadi Nyanza-Lac, kisha akafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge, maji yakiwa mkono wake wa kushoto na vilima mkono wa kulia, hata akafika Bujumbura. Mji huu, ulioitwa Usumbura wakati wa utawala wa Wabelgiji, uliacha kuwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, heshima hiyo ilipopewa Gitega. Lakini biashara na starehe zimebaki hapa kando ya ziwa. Katika mtaa wa Buyenzi Mswahili hahitaji mkalimani, maana Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya barazani. Jirani yake ni Bwiza, mtaa unaojulikana kwa vilabu na muziki wa usiku.

Apitaye nje ya disko huweza kusikia, katikati ya wimbo, sauti kama ya mtu anayepiga msasa ubao kwa kufuata mdundo. Mzee asiyeizoea atadhani mashine imeharibika. Kumbe huo ni ufundi, nao huitwa kukwaruza santuri. Wapigaji wengi wa disko siku hizi hutumia kompyuta, lakini mashine zao zina magurudumu mawili yanayoiga santuri, na mkono hufanya kazi ile ile.

Kazi yenyewe ni hii. Juu ya sahani ya mashine huwekwa kitambaa laini, na santuri juu ya kitambaa. Mpigaji aizuiapo santuri kwa vidole, sahani huendelea kuzunguka chini yake bila kusimama. Mkono mmoja huisukuma santuri mbele na kuivuta nyuma, sindano ikiwa ndani ya mfereo wake. Mkono wa pili hufungua na kufunga sauti kwa kitufe cha kuteleza. Akifunga sauti kila arudishapo santuri nyuma, msikilizaji husikia pigo la mbele peke yake. Mikono isipopatana, zinabaki kelele tupu.

Kazi hiyo ilihitaji mashine yenye nguvu. Mwaka 1972 Wajapani walitoa Technics SL-1200, ambayo mota yake huzungusha sahani moja kwa moja bila mkanda wa mpira. Huko Bronx, mjini New York, tarehe 11 Agosti 1973, kijana mzaliwa wa Jamaica aitwaye Kool Herc alipiga muziki katika dansi iliyopata sifa kubwa. Alikuwa ametambua kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi akatumia santuri mbili zilizo sawa ili sehemu hiyo irudiwe. Katikati ya miaka ya 1970 Grand Wizzard Theodore, wa Bronx vilevile, akaanzisha kukwaruza. Yeye husimulia kwamba mama yake alimjia kumkanya juu ya kelele. Naye, akiwa ameizuia santuri kwa mkono ili amsikilize, akasikia mlio mpya masikioni mwake.

Askari aliyepata kupiga gwaride hatashangaa kwamba mambo yote hayo yalianzia kwenye ngoma. Miguu hutii ngoma kabla akili haijauliza swali.

Na hapa ndipo Burundi inapoingia. Mwaka 1967 Wafaransa walinasa sauti za wapiga ngoma 25 katika kijiji kimoja cha nchi hii, na mwaka uliofuata zikatolewa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa alizichanganya ngoma hizo na vinanda, akauita wimbo wake "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell alizirudia katika "The Jungle Line". Mwaka 1981 "Burundi Black" ilitolewa upya, wakati ambapo vikundi vya vijana wa Uingereza vilikuwa vikiiga mapigo yake. Hivyo ngoma ya kijijini ilichezewa ng'ambo na watu ambao wengi wao hawakujua Burundi iko wapi. Jina la nchi lilitangazwa, lakini wale watu 25 hawakupata umaarufu wowote. Santuri ilichukua mapigo yao, nao wakabaki kijijini.

Atakaye kuona asili yake na apande milima hadi Gishora, karibu na Gitega, panapotunzwa ngoma za enzi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa Kirundi, neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Wapigaji hupanga nusu duara: inkiranya katikati huongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata amri ya inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma hiyo kuwa urithi wa wanadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliwazuia wanawake kuipiga, na ikaagiza maonyesho nje ya sherehe za serikali yaombewe kibali. Basi suala la nani ana haki juu ya ngoma halikuanza wala kuisha Ulaya.

Nyumba nyingi bado zina santuri za wazee. Zisimamishwe wima, zisilazwe. Zikae mbali na jua na jiko. Zishikwe kwa kingo, vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mviringo. Na tunaponasa ngoma ya arusi au ya jando kwa simu zetu, tuandike siku hiyo hiyo majina ya waliopiga, kijiji chao na tarehe. Ni kazi ya dakika tano, nayo ingewatosha wale 25.