Waifai isiyo na hodi Kilwa Masoko

JUA likielekea kuzama Kilwa Masoko, watu hutoka nje. Nyumba za mabati zimechemka mchana kutwa, na sasa ndiyo upepo wa bahari unaanza kupita. Wazee wako barazani, kina mama wanakaanga mihogo na samaki kando ya njia, na boti za mwisho zinarudi kutoka Kisiwani. Siku hizi lipo na kundi jingine: vijana watatu wanne wamechutama chini ya mwembe, migongo ukutani mwa nyumba ya mtu, nyuso zikimulikwa na simu. Hawana shughuli na mwenye nyumba. Wanatumia intaneti yake.

Chukua nyumba moja ya namna hiyo. Baba ni dereva wa lori, mama ni mwalimu, watoto watatu. Wamenunua ruta ile inayowekwa laini ya simu, ili mtoto mkubwa asome na mama aandae kazi zake bila kununua bando kwenye kila simu. Fundi aliyewafungia akaondoa neno la siri, "isije ikawasumbua". Mwezi wa kwanza ni raha tupu. Mwezi wa pili kifurushi cha siku 30 kinakata kabla ya tarehe 12. Mama anawagombeza watoto kwa sababu ya katuni. Baba, akiwa njiani, anamgombeza mama kwa simu. Watoto wanaapa kwa Mungu. Nyumba nzima inanuniana, na anayemaliza bando amekaa nje ya dirisha.

Pwani hii kumnyima mtu kitu ni kazi ngumu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Msafiri huyo ameandika jinsi fakiri mmoja alivyomwomba sultani nguo alizovaa, baada tu ya sala ya Ijumaa, naye akaenda kuzivua akampa. Magofu ya enzi zile bado yapo Kisiwani, na UNESCO iliyatia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wakazi wa leo si masultani, ila maji ya kisima, kaa la moto, chumvi, au kuchaji simu kwa jirani mwenye sola ni mambo yasiyo na mjadala. Waifai nayo imepitia mlango huohuo. Si iko hewani tu?

Tofauti ni kwamba kisima hakina jina la mtu. Ruta inalo. Laini iliyo ndani yake imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa cha mmoja wa wazazi. Simu kumi zikiingia humo, kwa kampuni ya simu ni mteja mmoja tu. Kijana wa nje akisambaza picha za utupu za binti wa watu, au akitapeli, anayemtafuta ataanza na jina la mwalimu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamlenga aliyetenda, na mama anaweza kabisa kueleza kuwa si yeye. Lakini atayaeleza kituoni, simu yake ikiwa mezani kwa afande. Katika mji mdogo kama Masoko, habari ya mwalimu kuitwa polisi itakuwa imezunguka soko lote kabla ya magharibi.

Hofu nyingine wazazi wanaikuza bure. Wengi wanadhani aliye kwenye waifai yao anaona salio la benki. Mawasiliano ya benki kwa kawaida husafiri yamefungwa tangu kwenye simu hadi kwenye benki yenyewe. Cha kuangalia zaidi ni televisheni, kamera za ulinzi na ruta yenyewe. Kama neno la siri la kuingia kwenye mipangilio ni lile la kiwandani, mgeni anaweza kulibadili na kumfungia nje mwenye mali.

Nyumba nazo hazifanani. Kilwa Kivinje kuna majumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba ruta iliyo ukumbini inaweza isisikike vizuri hata chumba cha pili. Mwenye nyumba ya hivyo anaweza kulala bila neno la siri na mtaa usijue. Ukuta wa babu unamlinda. Nyumba ya fito na udongo, au ya tofali moja yenye madirisha ya nyavu, humwaga mawimbi mpaka barabarani.

Baba akishusha mzigo Lindi hulala nyumba ya wageni, karibu na ghuba, wanapovukia watu kwenda Kitunda. Ukutani mapokezi kuna karatasi yenye neno la siri la waifai. Anamuuliza dada wa mapokezi, haogopi? Anajibiwa kuwa ule ni mtandao wa wageni tu. Wa ofisi una jina lake na neno lake. Na ruta ni moja.

Jambo hilo hata ruta nyingi za nyumbani zinaliweza. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye namba ya kuandika kwenye kivinjari cha simu, mara nyingi 192.168.1.1 au inayokaribiana nayo, na jina la kuingilia. Humo ndani mama anaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Wao wana simu tatu na televisheni. Orodha ina vifaa kumi na moja. Anabadili kwanza neno la kuingilia kwenye mipangilio, kisha la waifai, anachagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na anazima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe. Mwisho anawasha mtandao wa wageni, nao anaupa neno lake. Kazi yote haifiki nusu saa, tena bila fundi.

Siku nne baadaye wageni wamerudi kwenye orodha. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, wakidhani kuna mdukuzi mtaani. Hakuna. Mtoto wa kati ameulizwa na wenzake shuleni, naye simu yake ina kile kimraba cha QR, mwenzake akakipiga picha, basi. Mama halali na fimbo kwa hilo. Anamkalisha mtoto, anamwonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini, anamuuliza: polisi wakija, watamtafuta nani? Neno linabadilishwa tena, na safari hii watoto wanapewa la wageni.

Kufunga kila kitu kabisa nako kuna ubaya wake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii na barabara ikakatika Somanga, abiria walikwama, na mwenye mtandao na chaji alikuwa mtu wa maana kuliko mwenye gari. Mtaa unaofahamu nani ana intaneti ni mtaa wenye faida yake.

Jioni ile vijana wa mwembeni wanazungusha simu juu, wanatazamana, wanaondoka. Mmoja anabaki. Anazunguka mbele ya nyumba.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo mwalimu. Waifai imekataa. Nilikuwa napakua mitihani ya nyuma ya kidato cha nne."

"Marahaba. Kwa hiyo ni wewe siku zote?"

Anatazama chini. Mama anaandika neno la wageni kwenye kipande cha karatasi, anamwambia akae barazani kwenye mwanga, si gizani chini ya mwembe, na kwamba saa mbili mtandao huo unazimwa.

"Na wenzangu, mwalimu?"

"Mlango wameuona. Waje."