Kilichokuwa Chini ya Kitanda Chetu

Leo nawaletea habari za mabomba. Najua tumezoeana hapa kwa hina, udi na mitandio, lakini nivumilieni, kwani jambo hili lingeweza kututoa roho mimi na mume wangu, na lilikuwa chini ya kitanda nilichokitandika kwa mikono yangu.

Mume wangu ni mtoto wa Unguja aliyekulia Uingereza. Tulipooana nilimfuata Milton Keynes, na kabla mwaka haujatimia akanunua motahomu kuukuu, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko, meza na choo ndani, unasafiri na kulala humo humo. Tukaliita Jahazi. Marafiki zake walimcheka kwamba kanunua gari la wazee waliostaafu. Mimi nililipenda kwa sababu ambayo kila mwanamke wa Kiislamu aliyesafiri barabara za huku anaijua. Vyoo vya njiani vina karatasi tu. Unaingia na chupa ya maji umeificha mkobani kama umeiiba. Ukitaka kutawadha unanyanyua mguu kwenye beseni la kunawia, hijabu umeifungua nusu, na kila mlango ukilia moyo unaruka. Ndani ya Jahazi nilikuwa na maji yangu na mlango wa kufunga.

Maji yenyewe yalifikaje kwenye mfereji, sikujua. Somo wangu alinifunda mengi, Allah amlipe, lakini hakunifunda koki. Nilijua kwamba ukinyanyua godoro na ubao wake kuna kama sanduku kubwa, na humo mume wangu huingia na tochi kisha akatoka ananung'unika. Ni mambo yake, nikasema.

Mwezi wa Novemba tukaenda Lake District, kaskazini ya Uingereza, milima na maziwa, baridi ya kukata mfupa. Usiku wa pili tukaizima hita kwa ajili ya kelele. Kabla ya alfajiri tukaamshwa na muungurumo chini ya mgongo wangu. Pampu ya maji ilikuwa inazunguka kavu. Kumbe kichemshio cha maji kina valvu ya kujilinda na barafu. Joto likishuka karibu na nyuzi 3, inafunguka yenyewe na kuyamwaga maji nje, maana yakiganda ndani yatakipasua. Ulinzi mzuri kabisa. Ila sisi tuliiacha pampu imewashwa, basi kila yanapomwagika ikaleta mengine, mpaka tangi zima likaishia kwenye majani.

Ilibaki chupa moja ya maji ya kunywa. Tukagawana. Tangu chuoni nilifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili, chini ya lita moja. Nililijua la kulisoma tu. Siku zote nilikuwa nafungua mfereji na kuuacha utiririke. Asubuhi ile nilitawadha kwa nusu chupa nikitetemeka, na yakatosha.

Tuliporudi nikaamua kwamba adui yetu ni baridi. Ilikuwa inapenya pale pale kitandani, upande wa miguu yangu. Siku moja mume wangu yuko kazini, nikalizunguka gari nje kutafuta inapoingilia, nikafungua kabati la mitungi ya gesi, ambalo mlango wake uko ubavuni. Chini kwenye sakafu nikaona matundu mawili, ardhi naiona na upepo unapanda. Nikajiambia hawa waliotengeneza gari hawana akili. Nikachana kanga kuukuu, nikayashindilia matundu yote mawili barabara. Sikumwambia. Nilitaka ahisi joto kwanza, ndipo nijisifu.

Januari Mama akapiga simu kutoka Unguja kwamba viza imetoka, atakuja Aprili. Mama ana magoti, usiku huamka mara tatu, na hajawahi kukaa pahala pasipo na maji. Nikamwambia mume wangu, "Bwana, Mama hapandi gari hili mpaka nijue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi." Hapo ndipo tukalitoa godoro, tukang'oa mbao zote.

Harufu ya ukungu ilitupiga usoni. Sanduku lile lilikuwa na tangi la lita 100, pampu ya volti 12, kichemshio, betri na kisanduku cha fyuzi, vyote vimebanana, mipira ya maji imepita juu ya waya. Kwenye kiungo kimoja, karibu na kichemshio, mtu alikuwa amefunga kitambaa, na kitambaa kimelowa. Maji yalikuwa yakidondoka tone moja moja, sijui kwa muda gani. Sakafu ya plaiwudi ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Ubao unaotenganisha sanduku hili na kabati la gesi ulikuwa umeoza chini na umeachia mwanya. Mwanya huo ndio uliokuwa ukiniletea baridi miguuni.

Mume wangu akakaa chini na kile kitabu cha maelekezo cha gari, akawa ananisomea kwa sauti huku akitafsiri. Akafika kwenye gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini kama maji. Ndiyo maana sakafu ya kabati hutobolewa makusudi, ili idondoke nje. Matundu hayo yasizibwe kamwe, na ukuta kati ya kabati na chumba uwe hauna upenyo.

Nilihisi damu imenishuka. Mbele yangu palikuwa na ubao wenye mwanya, na nyuma yake matundu niliyoyaziba kwa kanga. Mtungi ungevuja usiku, gesi ingejaa kabatini, ikapita kwenye mwanya, ikaja kulala nasi chini ya kitanda mpaka mmoja wetu awashe jiko la chai.

Sitawadanganya, sikusema. Nilingoja aende kuswali Isha msikitini, nikatoka na tochi, nikavitoa vitambaa vyote na kuvitia pipani. Nikarudi nikajiambia yamekwisha, kuna haja gani ya kuharibu nyumba kwa neno lililokwisha? Nikalala siku mbili na jambo hilo. Siku ya tatu ilikuwa aje fundi wa gesi, maana huku gesi haishikwi na kila mtu, unamwita aliyesajiliwa na Gas Safe. Nikaona nyuzi za kanga zimebaki zimenasa kwenye ukingo wa tundu, na fundi ataziona. Kilichonisukuma kusema hakikuwa uchamungu, ilikuwa aibu ya kuumbuliwa na mgeni. Allah anisamehe.

Nikamwambia jikoni, nimesimama. Hakupandisha sauti. Alitoka nje akakaa muda ndani ya Jahazi peke yake, na mimi nikawa nasafisha sufuria safi. Aliporudi akaweka mezani kile kitambaa cha kwenye kiungo. "Hii ni fulana yangu," akasema. "Nilijua panavuja tangu kiangazi. Nilikuwa nasema wiki ijayo. Bila ya huu mvujo ubao usingeoza."

Tukatazamana. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nalikumbuka, "Na wewe nilikuonesha lini?"

Kwa hiyo mabibi harusi, nawaomba hili. Wiki ya kwanza kwenye nyumba ya mume, iwe ya Mombasa, Maskati au ghorofa ya London, uliza koki kuu ya maji iko wapi, swichi kuu iko wapi, na mtungi wa gesi unafungwaje. Si ukosefu wa adabu. Muombe akuoneshe, nawe uzifunge na kuzifungua kwa mkono wako mbele yake.

Kazi ilituchukua Jumamosi na Jumapili za Februari yote na nusu ya Machi. Fundi wa gesi alifanya ya gesi, sisi ya maji na mbao. Tulimwaga maji yote, tukakata plaiwudi iliyooza, tukaweka mpya na kuipaka rangi pande zote mbili hata kingo, kwani maji huanzia kingoni. Ubao wa kabati la gesi tukauziba kabisa, na matundu ya sakafuni tukayaacha wazi. Mipira laini tukaitupa, tukatia mabomba magumu ya milimita 12, bluu ya baridi na mekundu ya moto, yale ya kusukumiza kwenye viungo. Hapa nilimshinda mume wangu. Yeye alikata kwa kisu, mkato ukaenda mshazari, kiungo kikavuja. Mimi nilitumia kikatio chake, nikapiga alama kwa kalamu, nikasukuma mpaka alama imepotea. Hakuna kiungo changu hata kimoja kilichotoa tone, na namkumbusha kila nafasi inapopatikana.

Pampu tukaihamishia mbele, inafikika bila kunyanyua godoro, na chujio kabla yake. Fyuzi tukazipandisha ukutani, juu ya maji. Kengele ya gesi ikawekwa chini karibu na sakafu, maana huko ndiko gesi inakotambaa. Chooni nikatia ule mpira wenye kifyatuo, jamaa zetu wa Oman wanauita shatafu, na koki yake ya kufunga. Koki hiyo msiidharau. Pampu ikiwa imewashwa mpira huwa na msukumo muda wote, ukipasuka mmelala, tangi lote litakuwa sakafuni. Mwisho nikaandika kila koki kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kunata: MAJI MOTO, CHOONI, MWAGA ZOTE. Na swichi ya pampu nikaiandikia ZIMA KABLA YA KULALA.

Hesabu ya maji nayo nikaishika mimi. Lita moja ni kilo moja, na gari letu haliruhusiwi kupita kilo 3,500 pamoja na sisi na mizigo, basi tunasafiri na nusu ya tangi na kujaza tukifika. Kikopo nikakipiga alama ya mudi. Watu watatu, udhu mara tano, hazifiki lita 15 kwa siku. Choo ndicho kinachotaka uangalifu, kwa sababu maji ya kuchambia yote huingia kwenye kile kitasa cha chini, kinachochukua kiasi cha lita 20 tu na ambacho mtu lazima akakimwage. Huyo mtu ni mume wangu, kwa makubaliano.

Mama alikuja. Tukamchukua mpaka Anglesey, kisiwa cha Wales, nikidhani ataona bahari aache kuwakumbuka kuku wake. Alfajiri ya kwanza nilikuwa macho kabla yake, nimelala nasikiliza. Nikasikia pampu inakoroma kidogo na kunyamaza, inakoroma na kunyamaza. Asubuhi nikamuuliza kama ameuona mpira wa chooni.

"Nimeuona," akasema. "Nimetumia kopo."

Kisha akanyanyua mwenyewe kile kifuniko cha sanduku, akavisoma vibandiko vyangu kimoja kimoja, midomo inacheza. Akauliza, "Yamebaki kiasi gani, mwanangu?"

Nikatazama kipimo. Nikamwambia lita 40.

"Basi lete beseni," akasema. "Nifue kanga yangu moja."