Nilimtafuta Mtoto wa Salem



Mwezi wa Mei mwaka 2023 nilikwenda Marekani kumhudumia mdogo wangu aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Anaishi na mumewe si mbali na jiji la Boston, katika jimbo la Massachusetts. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kupika uji, kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, kazi ambazo akina mama wenzangu mnazifahamu. Arobaini ilipokwisha, shemeji akaniambia, "Dada, utarudi nyumbani waulize umeona nini huku, utasema jiko na bafu. Jumamosi tunakwenda Salem."

Tulipanda treni kituo cha North Station. Safari ni ya nusu saa tu. Mtoto alilala mgongoni kwangu, maana nilikataa kabisa kile kigari chao. Tuliposhuka nilisikia harufu ya bahari na sauti za ndege wa pwani, nikakumbuka Dar es Salaam. Na majina yenyewe ni ndugu. Salem limetoka katika neno la Kiebrania lenye maana ya amani, kama vile la kwetu lilivyotoka katika Kiarabu.

Kabla ya yale yaliyonipeleka kuandika, nieleze kwanza jambo lililonishangaza. Bibi zetu walivaa merikani, kile kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, sivyo? Mimi nilijua tu kwamba kilitoka Amerika. Kumbe wafanyabiashara waliokileta walikuwa watu wa mji huu mdogo! Majahazi makubwa ya Salem yalifika Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani iliandikiana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem. Walileta vitambaa vilivyofumwa katika viwanda vya huko kwao, wakachukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilisafishwa pale Salem ikapelekwa kutengenezea vanishi. Mabaharia wao walianzisha chama chao mwaka 1799, na vitu walivyokusanya ndivyo vilivyozaa jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambalo lipo katikati ya mji hadi leo. Nilijisikia kama nimefika kwa jirani wa zamani.

Lakini watu hawaendi Salem kwa ajili ya merikani. Wanakwenda kwa ajili ya wachawi. Magari ya polisi yamechorwa mchawi juu ya ufagio. Timu za michezo za shule ya sekondari zinaitwa Wachawi. Mdogo wangu alisema kwamba mwezi wa Oktoba watu hufurika hata pa kukanyaga hapapatikani, wengi wamevaa kofia nyeusi zenye ncha. Katika duka moja la mishumaa na mimea nilinunua kadi ya kumpelekea mama mchungaji (iliyokuwa na picha ya bahari, msiwe na wasiwasi). Binti aliyenihudumia alikuwa na umri wa miaka kama ishirini, mpole, sauti ya chini. Shemeji akamuuliza kwa mzaha kama wachawi wa kweli bado wapo mjini. Binti akatabasamu, akasema yeye mwenyewe ni mmoja wao, ndiyo dini yake.

Ndugu zangu, nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja na mkono wangu umekwenda kumshika mtoto mgongoni. Binti aliona. Hakusema neno. Alinifungia kadi yangu vizuri katika karatasi, akanirudishia chenji, akamtazama mtoto akasema ni mzuri. Sikubaliani na imani yake na sitakubaliana nayo. Hata hivyo uso wake ule ulipobadilika kidogo ulinifuata siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mahali pengine.

Yaliyotokea Salem ni haya. Mapema mwaka 1692, katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty wa miaka 9 na mpwa wake Abigail wa miaka kama 11 walianza kupiga kelele, kujikunja na kuanguka. Daktari akaitwa. Hakuona ugonjwa, akasema ni mkono mwovu. Hapo mimi nilisimama kidogo, maana nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya ishirini, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa tiba kutamka "sijui". Wapo waliosema baadaye, kuanzia mwaka 1976, kwamba watoto wale walikula mkate wa nafaka yenye ukungu wa sumu, na wanahistoria wengi wamelipinga wazo hilo. Mimi siwezi kumwandikia dawa mgonjwa aliyenitangulia kwa miaka mia tatu.

Watoto walibanwa waseme nani anayewatesa. Wakawataja watatu. Wa kwanza Tituba, mtumwa wa nyumba ile. Wa pili Sarah Osborne, mama mgonjwa ambaye hakuwa akionekana kanisani. Wa tatu Sarah Good, mama maskini aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiomba chakula, na aliponyimwa aliondoka akinong'ona peke yake. Tazameni waliochaguliwa! Hakuna kijiji ninachokijua ambacho kingechagua tofauti.

Sarah Good alikuwa na mtoto mchanga na binti mwingine aitwaye Dorothy, mwenye umri wa miaka minne au mitano. Tarehe 24 Machi 1692 Dorothy naye alikamatwa kwa uchawi. Walisema kivuli chake kinawauma watu. Wakubwa wenye majoho walimhoji, naye akawaambia anaye nyoka mdogo anayemnyonya kidole, akawaonyesha alama nyekundu kwenye kidole cha shahada, ndogo kama mahali palipoumwa na kiroboto. Walipomuuliza nani aliyempa nyoka, alisema ni mama.

Mama yeyote aliyewahi kulea mtoto wa miaka minne anajua jinsi anavyojibu. Ukimuuliza kama kuna simba chini ya kitanda atakwambia yupo, na jina lake atalitaja. Wale wanaume nao walikuwa na watoto majumbani.

Dorothy alifungwa. Mtoto mchanga alifia gerezani. Tarehe 19 Julai mama yao alinyongwa pamoja na wanawake wengine wanne. Dorothy alibaki ndani miezi saba au minane, mpaka mwisho wa mwaka, alipotoka kwa dhamana ya pauni 50. Mwaka 1710 baba yake, William Good, aliandika kuiomba serikali fidia. Alieleza kwamba mtoto alifungwa minyororo katika chumba cha giza, akatendewa vibaya na kutishwa mno, na tangu hapo hakuwa na akili ya kujiongoza. Alikuwa mtu mzima sasa na bado wa kutunzwa. Serikali ikampa baba pauni 30. Baba huyo, nisiwafiche, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi dhidi ya mkewe.

Kwa jumla watu zaidi ya 150 walishtakiwa. Wanawake 14 na wanaume 5 walinyongwa, mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na wengine wasiopungua watano walikufa gerezani. Waliohukumu walikuwa watu wa sala na wa kufunga. Walijua Kutoka 22:18 kwa moyo.

Kuna mahali pa kumbukumbu karibu na makaburi ya zamani ya mtaa wa Charter, palipofunguliwa mwaka 1992. Ni uwanja mdogo wenye miti, umezungukwa na ukuta wa mawe, na kutoka ukutani yametokeza mawe 20 mfano wa mabenchi. Kila moja lina jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Penye mlango, chini, yamechongwa maneno ya washtakiwa wakisema hawana hatia, na maneno hayo yanakatika katikati yanapokutana na ukuta. Nililiona benchi la Sarah Good, mtu ameliwekea ua. Nikazunguka mara mbili nikitafuta jina la Dorothy. Mdogo wangu akanikumbusha: mabenchi ni ya waliouawa, na yule alitoka hai.

Nilikaa chini nikamnyonyesha mtoto chupa yake, na nikashindwa kuzungumza.

Miaka mingi iliyopita, mtaani kwetu, alikuwepo binti wa miaka 13 mwenye kifafa. Aliishi na bibi yake, wakiuza mkaa. Alikuwa na sauti nzuri na aliimba katika kwaya ya watoto. Kwanza walisema amerogwa. Kisha jirani mmoja alifiwa na mtoto, mwingine kuku wake wakafa, na maneno yakageuka: binti ndiye anayeroga, usiku anakwenda anakokujua, na kuanguka kwake ni kutua. Watoto wakaacha kukaa naye dawati moja. Akina mama tukaitana kikao. Ikasemwa kwa upole sana kwamba kwa usalama wa watoto wengine binti asiimbe mpaka aombewe akapona. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshapata stashahada yangu ya uuguzi, nilijua kifafa ni ugonjwa wa ubongo na mate ya mgonjwa hayaambukizi. Nilijua fenobabito ni dawa ya bei ndogo. Nilijua pia kwamba katika Mathayo 17 yule baba alimleta mwanawe, na Yesu hakuuliza nani aliyemroga wala kijana amemroga nani. Nilitazama daftari langu la mahudhurio. Binti alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuambiwa.

Wiki chache baadaye alianguka akiwa jikoni, mkono ukaingia motoni penye mafiga. Watu watatu walikuwepo uani. Hakuna aliyemgusa, kwa kuogopa, mpaka bibi yake alipotoka sokoni. Nilikisafisha kile kidonda kila siku kwa muda wa miezi miwili. Watu walinisifu kwa huruma yangu.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Danvers kwa gari. Ndicho kilichokuwa kijiji cha Salem, kilibadilishwa jina baadaye. Nyuma ya nyumba za watu upo msingi wa mawe wa nyumba ya mchungaji Parris, uliofukuliwa mwaka 1970. Ni padogo mno, sebule ya kwetu ni kubwa kuliko pale. Pia ipo nyumba ya Rebecca Nurse. (Shemeji alicheka sana, akasema nimekuja kumtembelea mfanyakazi mwenzangu, kwa kuwa jina hilo kwa Kiingereza ni muuguzi.) Bibi huyu alikuwa na miaka 71, mcha Mungu anayeheshimiwa, na majirani 39 walitia sahihi kumtetea. Kwanza wazee wa baraza walisema hana hatia. Wakarudishwa kufikiri tena, akaulizwa swali ambalo hakulisikia kwa sababu ya uziwi, na kukaa kwake kimya kukahesabiwa kuwa hatia. Alinyongwa siku ile ile ya mama Dorothy. Nilifikiria wale 39. Walijua kwamba anayemtetea mchawi kesho yake ataitwa mchawi, na wakaandika majina yao.

Mwingine nitakayemtaja ni Elizabeth Johnson, binti wa miaka 22, ambaye babu yake mchungaji alieleza kuwa alikuwa mwepesi wa akili. Alihukumiwa kifo mwaka 1693, akanusurika, akaishi mpaka mwaka 1747 akiwa bado na hatia kisheria. Wanafunzi wa shule moja ya North Andover na mwalimu wao walishughulika mpaka jimbo likamsafisha jina mwaka 2022. Miaka 329, akina mama!

Na yule Ann Putnam, aliyekuwa na miaka 12 wakati ule na kutaja watu wengi kuliko karibu wote? Mwaka 1706 aliomba kujiunga na kanisa la kijiji. Alisimama mbele ya watu wote, wakiwemo wana wa Rebecca Nurse, huku mchungaji mpya, Joseph Green, akisoma ungamo lake. Yaliyosomwa yalikuwa mafupi. Alikiri kwamba alikuwa chombo cha kumwaga damu isiyo na hatia, akaomba msamaha. Wakampokea. Hakuolewa, na alifariki akiwa kijana bado.

Nilirudi nyumbani Agosti. Nilimpelekea mama mchungaji kadi yake, nikagawa zawadi, na nikakaa wiki mbili nikijiambia nina shughuli. Kisha nikaenda. Yule binti sasa ni mama wa watoto wawili, anashona nguo kwa mkono mmoja na nusu, maana vidole vitatu vya kushoto havikunjuki. Anameza dawa zake na hajaanguka kwa miaka minne. Alinikaribisha kwa furaha, akatuma mtoto akanunue sukari. Kabla chai haijafika nilisimama, nikamwambia habari za kile kikao, na kwamba ninaomba anisamehe.

Aliacha mashine. Alinitazama kwa muda, na uso wake ukafanya vile vile kama wa binti wa dukani.

"Mama," akasema, "wewe ndiye uliyenifunga kidonda. Mimi siku zote nilijua siku ile hukuwepo."

"Nilikuwepo," nikamwambia.

Mtoto akarudi na sukari. Akaipokea, akaenda jikoni, nami nikabaki nimesimama pale mpaka aliporudi na vikombe viwili.