Kutoka Bagamoyo hadi Bunia: mkutubi na mwalimu wakae meza moja

Barabara ya Mahagi inakuingiza Bunia umejaa vumbi jekundu, na pikipiki zinakupokea tangu mwanzo wa mji. Mtu wa pwani hapati taabu ya lugha hapa. Kiswahili kipo sokoni, kanisani na hospitalini, na shuleni ndicho cha kusomea miaka ya kwanza ya msingi, kabla ya Kifaransa kushika nafasi. Nilichofuata katika jimbo hili la Ituri, mashariki mwa Kongo, ni kujua nani anamwandaa mtunza vitabu wa shule afanye kazi na mwalimu wa darasani.

Kwa upande wa vyuo, sisi wa Afrika Mashariki tumetangulia. Chuo cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1963. Bagamoyo kuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, SLADS, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba tangu 1989. Hata hivyo, katika shule nyingi za Tanzania funguo za maktaba anazo mwalimu mwenye vipindi vyake, na maktaba hufunguliwa akipata nafasi.

Bunia hali ni hiyo hiyo, ila mzigo ni mkubwa zaidi. Elimu ya msingi ya serikali ilifanywa bure mwaka 2019 na madarasa yakafurika. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na vita vimewaleta mjini watoto wengi waliohama vijiji vyao. Mji wenyewe hauna uhaba wa wasomi. Kipo chuo cha ualimu, ISP, na Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya teolojia na chenye maktaba yake. Pengo liko katikati, baina ya maktaba za vyuo na kabati la shule ya msingi.

Katika shule moja ya mtaani nilionyeshwa kabati hilo. Mama anayelitunza ana daftari lenye safu nne: tarehe, jina, kitabu, kurudishwa. Limeandikwa kwa usafi, na anajua kila kitabu kimelala wapi. Kisha mwalimu wa darasa la tatu akanifungulia fishi zake za matayarisho. Juu ya kila fishi kuna somo, mada, rejea, vifaa, lengo. Kwenye mstari wa rejea, ukurasa baada ya ukurasa, kilikuwepo kitabu kimoja tu cha kiada. Nimeuona mstari huo huo kwenye maandalio ya masomo Morogoro na Tanga, nao umejazwa vivyo hivyo. Mama wa kabati alikuwa hajawahi kuonyeshwa fishi hata moja.

Mada ya wiki iliyokuwa inakuja ilikuwa malaria.

“Mama, uko na kitabu juu ya mbu?” mwalimu akauliza.

“Iko, mwalimu. Lakini iko moja tu.”

Akatoa kijitabu cha afya chenye picha za mbu, mayai na maji yaliyotuama, akaongeza hadithi ya Kiswahili ya mtoto aliyeshikwa na homa. Mwalimu akasema kimoja kinatosha, atasoma yeye na watoto watasikiliza. Akaviandika vyote viwili kwenye rejea. Kazi nzima haikumaliza robo saa.

Ninachotaka kusema ni hiki: mafunzo ya mkutubi wa shule yaanzie kwenye mstari huo. Kupanga vitabu kwa namba na kuandika kadi ni kazi ya lazima, lakini peke yake haimfikishi mtoto kwenye kitabu. Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, mwaka 2015 unahesabu kufundisha pamoja na walimu kuwa sehemu ya kazi yenyewe ya mkutubi. Kenya wameonyesha njia isiyodai chuo kipya. Mradi wa Inspiring Readers wa shirika la Book Aid International, ulioanza huko mwaka 2016, umepeleka masanduku ya vitabu katika shule za msingi, na wakutubi wa maktaba za umma za jirani wamewafundisha walimu kuvitumia darasani.

Tanzania tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Bunia nako walimu hukaa pamoja, mmoja akatoa somo la mfano na wenzake wakalijadili. Vikao viko tayari na havihitaji mfadhili. Mwenye funguo za kabati aitwe, aonyeshwe mada za wiki mbili zijazo, alete vitabu vitatu, na somo likiisha aambiwe kipi kilifaa na kipi kiliwashinda watoto. Akifanya hivyo muhula mzima, atakuwa amejifunza kazi ambayo cheti pekee hakimpi.

ISP na Shalom wanaweza kuwa kwa Bunia kile ambacho maktaba za umma zimekuwa kwa shule za Kenya. Mwanafunzi wa ualimu asihitimu kabla hajaandaa somo moja pamoja na mtunza maktaba. Nasi Bagamoyo tuige hilo: mkutubi wetu asipewe stashahada kabla hajakaa na mwalimu, wakajaza rejea kwa mikono yao wawili.