Upepo wa mvua na programu inayopunguza injini

Leo tuweke hifadhidata kando, tuongee ndege.

Wakaaji wa Nakuru mnaujua ule upepo baridi unaotangulia mvua ya alasiri. Jua linawaka, mara mabati yanagonga, vumbi linatimka, nguo zinang'oka kwenye kamba, ndipo matone yaanze. Hewa hiyo imeporomoka kutoka kwenye wingu, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Sasa fikiria ndege ya abiria ikipita humo ikikaribia kutua.

Bawa halijali ndege inakwenda mbio kiasi gani juu ya ardhi. Linajali hewa inayolipitia tu. Tuseme mwendo wa hewani ni kilomita 260 kwa saa na upepo wa mbele ni 20, basi juu ya ardhi ndege inakwenda 240. Ghafla upepo wa mbele unafika 60, saa ya mwendo inasoma 300. Programu ya kawaida itasema: mwendo umezidi lengo, punguza injini. Sahihi kabisa! Ingefaulu majaribio yote ofisini. Lakini sekunde chache baadaye ndege inatokea upande wa pili, upepo sasa ni wa nyuma, 40, na mwendo wa hewani umeanguka hadi 200 au chini yake. Injini zimeshalala, na injini ya jeti ikilala huchukua sekunde kadhaa kuamka.

Delta 191 ilikutana na hewa ya namna hiyo Dallas/Fort Worth tarehe 2 Agosti 1985. Watu 137 walikufa. Mwaka 1988 Marekani iliagiza ndege za abiria ziwe na vifaa vya kutambua hatari hii kufikia 1993.

Dawa ya Airbus ndiyo iliyonivutia mimi kama mwandishi wa programu. Badala ya kung'ang'ania namba moja, kompyuta inalinda mwendo wa ardhini usishuke chini ya kiwango fulani. Upepo wa mbele ukipanda, lengo la mwendo wa hewani linapanda nao (matoleo mengine huongeza sehemu tu ya tofauti). Kwa mfano wetu lengo lingekuwa 300, injini zisingepunguzwa, na upepo ukirudi 20 ndege ingebaki na 260 yake. Akiba imewekwa kabla ya kuhitajika. Sijaona msimbo wenyewe, lakini wazo hilo ni tamu!

Huku kwetu juu hesabu ni ngumu zaidi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari, Eldoret zaidi ya 2,100. Hewa ni nyembamba: Nairobi saa ikisoma 260, ndege inakata hewa kwa karibu 280, na injini zenyewe zinatoa msukumo mdogo kuliko Mombasa.

Na kuna upepo ambao hakuna hesabu itakayoushinda. Hapo rubani hatui. Anasukuma injini hadi mwisho, anainua pua, na magurudumu anayaacha nje hadi atoke hatarini, kwa sababu milango yake ikifunguka huongeza ukinzani wa hewa. Abiria wengine hunung'unika ndege ikipaa tena hivi. Mimi ningepiga makofi.