Siku za Kwanza Katika Mji wa Leuven

Wazee wetu husema kwamba mgeni ana macho lakini haoni. Neno hilo tulilijua tangu utoto, hata tulilifundisha darasani. Maana yake tuliifahamu mwanzo wa mwezi wa Februari, tulipofika Ubelgiji kusoma muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Leuven.

Tulitoka Lubumbashi kwa ndege, tukapitia Addis Abeba, tukashuka Zaventem, karibu na Bruxelles. Hapo tulipanda gari la moshi, nalo halina moshi wowote, kwa kuwa laendeshwa na umeme. Baada ya robo saa hivi tulikuwa Leuven. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, lakini jua lilikuwa halijatoka. Kwetu saa hiyo wanafunzi wamekwisha kupandisha bendera na kuingia darasani. Baridi ilitukata masikio. Miti yote ilikuwa mitupu, bila jani hata moja, tukasikitika kwa kudhani imekufa. Mkongo mwenzetu aliyekuja kutupokea alicheka, akasema: «Haikufa, Mwalimu. Imelala. Ngoja mwezi wa Aprili.»

Njiani tulimsalimu kila mtu tuliyekutana naye, kama tulivyolelewa. Wengine walishtuka, wengine wakapita. Tukasema moyoni: watu hawa hawana adabu. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, kama mtakavyoona.

Lililotuaibisha zaidi ni lugha. Kwetu Kongo, asemaye Kifaransa vizuri huhesabiwa kuwa mtu aliyesoma, nasi tulijivunia Kifaransa chetu. Lakini Ubelgiji una lugha tatu za serikali, yaani Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, na Leuven ni mji wa Waflama, wasemao Kiholanzi. Chuo kikuu chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martino V, kiligawanyika mwaka 1968 kwa sababu ya ugomvi wa lugha. Sehemu ya Kifaransa ikahamia mji mpya uitwao Louvain-la-Neuve. Basi Kifaransa chetu kilibaki kama vazi la sikukuu lililokunjwa ndani ya sanduku.

Siku ya pili tuliingia katika duka la mikate. Mama mwenye duka alituuliza neno, hatukulielewa. Akauliza tena. Nasi, mwalimu wa miaka kumi na miwili, tukasimama kimya, tukionyesha kwa kidole kama mtoto mchanga, na nyuma yetu watu wakingoja. Mama yule hakukasirika. Aliinua mkate, akasema polepole: «Brood.» Tukarudia vibaya. Akasema tena, tukarudia, mpaka akaitikia kwa kichwa. Tulitoka na mkate mmoja na neno moja.

Tukiwa njiani tulikumbuka mambo mawili. La kwanza ni padri mzee Mbelgiji aliyetufundisha Kilatini seminarini. Siku moja katika mahubiri alitaka kusema «Mfuateni Yezu», akasema «Mfuteni Yezu». Tulicheka hata tukashika mbavu. Yeye naye akacheka, akajisahihisha, akaendelea. Hatukujiuliza hata mara moja aliacha nini kwao ili aje kukosea mbele ya watoto.

La pili ni zito zaidi. Katika darasa letu alikuwamo mtoto aliyetoka kijijini, naye alichanganya Kifaransa na Kiswahili. Siku moja tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukairudia sentensi yake ili wamcheke. Wakamcheka. Tangu siku ile hakuinua mkono tena mwaka mzima.

Dominika ya kwanza tuliingia katika kanisa dogo la Mtakatifu Antoni. Chini yake limo kaburi la Mtakatifu Damiano. Alizaliwa Tremelo, karibu na Leuven, mwaka 1840. Mwaka 1873 alikwenda Molokai, kisiwa cha Hawaii, kuwahudumia wenye ukoma, akafa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1889. Mwili wake ulirudishwa Ubelgiji mwaka 1936, na mwaka 2009 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu. Katika barua moja Damiano alieleza kwamba akihubiri hasemi «ndugu zangu», bali husema «sisi wenye ukoma». Na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa bado mzima.

Tulikaa kitambo mbele ya kaburi lile. Damiano, aliye mgeni, alijihesabu pamoja na waliodharauliwa. Sisi, tulio wenyeji, tulimtenga mtoto wetu kwa ajili ya lugha ya kuazima.

Sasa tumekwisha kupata maneno kama arobaini ya Kiflama. Mama wa mikate atusahihisha kila asubuhi, na siku hizi ndiye anayeanza kutusalimu. Mungu akitujalia kurudi, kazi yetu ya kwanza ni kumtafuta mtoto yule na kumwomba msamaha mbele ya walewale waliomcheka.

Ninyi wanafunzi, mgeni akikosea lugha yenu, mwinulieni mkate, mmwambie jina lake polepole. Nasi walimu tuwafanyie ninyi vivyo hivyo.