Kadi ya mkopo na saini tunayoiweka

Safari ya Umra ya mama mkwe ndiyo iliyotulazimu kutafuta kadi. Tiketi na hoteli ya Makka zilikuwa nafuu zikinunuliwa mtandaoni, na mtandaoni hawapokei noti. Benki yetu ya zamani ikatushauri tuchukue kadi ya mkopo: nunua leo, lipa ndani ya muda uliowekwa, nawe hutozwi ziada.

Mume wangu aliafiki, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mshahara unaingia tarehe inayojulikana, nasi hatuna desturi ya kuchelewesha deni la mtu. Ikiwa riba haitatufikia, dhambi iko wapi? Mimi nikaomba kwanza nisome mkataba. (Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, kusoma mkataba si ukaidi wa mke.) Kifungu kilikuwamo, kwa maandishi madogo: atakayechelewa, deni lake litaongezeka kila mwezi.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mteja amenuia kulipa kabla ya muda kwisha. Kosa limo katika kulikubali sharti lenyewe. Ada maalumu ya kutoa kadi halikuikataza, kwa kuwa ni ujira wa huduma. Wapo wanazuoni walioona wepesi kwa mwenye haja asiye na njia nyingine. Sisi njia tulikuwa nayo.

Tulifungua akaunti katika benki isiyo ya riba. Kwa Tanzania, Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, ndiyo ya kwanza kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia. Tukachukua kadi inayokata fedha zetu wenyewe, tukawa tunaingiza kiasi cha manunuzi tu, ili mwizi wa namba akija asikute kitu. Kuzikusanya fedha kwanza kulituchelewesha miezi minne, na nauli ikapanda. Mume wangu hadi leo huitaja tofauti ile. Mimi naona tulinunua usingizi.

Kadi hii nayo ina adha zake. Hoteli huweza kuzuia kiasi cha dhamana, na kwa kuwa ni fedha zako halisi, hutazigusa mpaka ziachiwe, pengine baada ya siku kadhaa. Kampuni nyingi za kukodisha magari hutaka kadi ya mkopo. Dukani ukiulizwa ulipe kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Kiwango cha kubadilisha pale pale mara nyingi humwumiza mnunuzi. Na laini ya simu ya nyumbani usiitoe: namba ya kuthibitisha malipo hutumwa huko, na mwenye kuweka laini ya Saudia peke yake hataiona.